Nguvu Aliyoichoka: Uchambuzi wa Kisa cha Fundi wa Cherehani Jijini Kampala

Mteja wangu wa tiba ya kisaikolojia ninayemzungumzia hapa alinifikia mwezi Machi 2025 akiwa na bahasha yenye majibu manne ya vipimo vya malaria, yote yakionyesha kwamba hana malaria, pamoja na barua fupi ya kituo kimoja cha afya iliyosema kwamba anaumwa kichwa, halali usiku, na hatoi ushirikiano kwa wahudumu. Ni mama wa watoto watano, anayekaribia miaka 40, mzaliwa wa Rutshuru katika Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, na tangu 2023 anaishi katika chumba kimoja cha kupanga upande wa Makindye. Kazi yake ni ushonaji. Nitamwita Fundi, kwa kuwa ndivyo majirani walivyokuwa wakimwita kabla hajaacha kushona. Maelezo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha, na nilimsomea mwandiko huu wote kwa sauti. Aliukubali, isipokuwa aya moja aliyoomba niiondoe, nami nimeiondoa.

Historia yake fupi ni hii. Juni 2022, waasi wa M23 walipouteka mji wa mpakani wa Bunagana, alivuka na watoto kuingia Kisoro, akapokewa katika kituo cha muda cha Nyakabande, kisha akahamishiwa makazi ya Nakivale wilayani Isingiro. Mume wake alibaki nyuma kumuuguza baba yake mzazi, na sauti yake ilisikika kwenye simu kwa mara ya mwisho Novemba ya mwaka huohuo. Tangu hapo hakuna habari, hakuna mwili, na kwa hiyo hakukuwa na kilio, kwa maana watu hawakai kilio cha mtu ambaye huenda yu hai. Fundi alihamia Kampala kwa sababu alijua kushona na aliamini mjini kuna wateja. Mkimbizi anayeishi mjini kwa kawaida hapati mgao wa chakula unaotolewa kwenye makazi, hivyo alijua kwamba atakula kwa mikono yake. Alikodi cherehani ya kukanyaga, akaiweka kwenye kibaraza, na kwa miaka miwili alilipa kodi ya chumba na karo ya shule.

Mwisho wa Januari 2025 Goma ilitekwa, na simu ya kaka yake aliyekuwa huko ikazimika. Wiki hiyohiyo alikuwa na kitenge cha mteja mezani, yadi sita zenye michoro ya ndege wanaotazama upande mmoja, na akakikata kipande cha mbele cha blauzi ndege wakiwa kichwa chini. Mwenye kitambaa alikasirika mbele ya watu na kudai alipwe shilingi 60,000. Kesho yake Fundi hakuketi kwenye cherehani, wala siku iliyofuata. Mikono ilikuwa ikitetemeka. Baada ya wiki tatu mwenye cherehani alikuja kuichukua, na binti mkubwa wa miaka 15 akaacha kwenda shule ili awapikie wadogo zake.

Katika kikao cha kwanza nilitumia dodoso la PHQ-9, ambalo hupima dalili za sonona kwa maswali tisa na alama zisizozidi 27, na ambalo kwa kawaida alama 10 au zaidi humtaka mhudumu achunguze kwa kina. Fundi alipata 19. Swali la tisa, linalouliza kuhusu mawazo ya kuona afadhali kufa, alilijibu akitazama mlango: siku kadhaa, ndiyo. Nilimuuliza waziwazi amefikiria njia gani, na akasema ana vidonge vya maumivu alivyovikusanya kutoka kila kituo alichopitia. Kabla hajaondoka siku hiyo tulimpigia simu jirani yake anayesali naye, tukakubaliana watatu kwamba vidonge vikae kwa jirani huyo, na nikampeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili, ambaye alimwandikia dawa. Naanza na jambo hili kwa makusudi, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mtaalamu anayeanzia kwenye uwezo wa mteja huyafumbia macho mambo ya hatari. Hatari hushughulikiwa kwanza.

Hapa sina budi kueleza nimetoka wapi, maana kosa nililolifanya katika kisa hiki lina mizizi yake huko. Nimezaliwa Busia, upande wa Uganda, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya jirani, na kabla ya kusomea tiba ya kisaikolojia nilikuwa muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili kwa miaka tisa. Katika wodi ile fomu ya kumpokea mgonjwa ilikuwa na kurasa tatu za dalili, muda wa ugonjwa, ukali wake na waliowahi kuugua katika ukoo, bila mstari hata mmoja wa kuuliza mtu huyu anajua kufanya nini. Namkumbuka mgonjwa mmoja, mzee wa makamo, aliyejua kwa kichwa saa za dawa za kila mtu katika chumba chake na aliyetukumbusha tulipochelewa. Kwenye faili lake tuliandika kwamba anaingilia kazi ya wauguzi. Mwandiko ule ulikuwa wangu. Miaka mingi baadaye, nikisoma darasani kuhusu namna taaluma inavyoweza kuugeuza uwezo wa mtu kuwa dalili, nilikumbuka kalamu niliyoitumia.

Mtazamo wa kuanzia kwenye uwezo wa mteja uliandikwa kwa mapana na walimu wa ustawi wa jamii wa Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani, hasa Dennis Saleebey na Charles Rapp, tangu miaka ya 1980. Msingi wao ni kwamba kila mtu, familia na mtaa wana uwezo na rasilimali, na kwamba hata mateso, pamoja na madhara yake, huweza kuacha ujuzi ndani ya aliyeyapitia. Niliupenda mtazamo huu kwa shauku ya mtu anayetaka kufuta alichoandika kwenye faili la mgonjwa wake, na shauku hiyo ndiyo iliyonikwaza.

Katika kikao cha pili Fundi alinisimulia safari ya Bunagana: alivyombeba wa mwisho mgongoni na wa nne kifuani, na alivyouza kikwembe chake, yaani kitenge, kizuri kuliko vyote ili wapate maji na mihogo. Alipomaliza nilimwambia, kwa moyo wangu wote, kwamba yeye ni mwanamke mwenye nguvu sana. Uso wake ulifunga kama dirisha. Alivuta ukaya wake hadi kwenye kidevu na kusema, "Mama, kila mutu ananiambia niko na nguvu. Nimechoka na hiyo nguvu." Dakika ishirini zilizobaki alijibu maswali yangu kwa ndiyo na hapana, na wiki iliyofuata hakuja.

Nililipeleka jambo hili kwa msimamizi wangu wa kitaaluma, naye hakunifariji. Aliniuliza swali moja: nilipomwambia ana nguvu, nilikuwa namsaidia nani? Nilipolitafakari niliona kwamba simulizi lile lilikuwa limenielemea, na sifa ile ilikuwa njia yangu ya kulimaliza. Tena niliona kwamba neno nguvu, kwa mwanamke kama Fundi, lina historia. Wakwe walimwita mwenye nguvu walipomwachia mzigo. Kanisani walimwita mwenye nguvu badala ya kumpa unga. Anayeitwa mwenye nguvu haruhusiwi kulia, wala haombi msaada, na akishindwa kukata kitambaa siku moja, basi ameanguka kutoka mahali ambapo hakuomba kupandishwa. Mimi nilikuwa nimemwongezea jiwe juu ya mzigo uleule.

Hili ndilo jambo ambalo ningependa wenzangu, hasa vijana wanaoanza kazi hii nchini mwetu, walione katika kisa hiki: kusifu si kutambua uwezo. Sifa ni hukumu inayotoka kwa mtaalamu na kumshukia mteja, naye hana la kufanya nayo isipokuwa kuipokea au kuikataa. Uwezo hutambuliwa kwa kuuliza, tena kuuliza mambo madogo yanayoweza kujibiwa. Ulifanyaje? Ulijuaje kwamba njia ile ina askari? Nani alikufundisha? Maswali haya humfanya mteja awe shahidi wa maisha yake mwenyewe, na jibu likitoka kinywani mwake halihitaji imani yangu ili liwe kweli.

Nilimpigia simu na kumwomba radhi, bila maelezo marefu. Alirudi. Katika kikao hicho cha tatu nilitumia swali la ngazi, ambalo wataalamu wa tiba Steve de Shazer na Insoo Kim Berg walilieneza kupitia kazi yao huko Milwaukee, Marekani: kama sifuri ni siku mbaya kuliko zote na kumi ni siku ambayo tatizo limekwisha, leo uko wapi? Alisema yuko kwenye mbili. Desturi ya zamani ingenisukuma kuuliza kwa nini ni mbili tu. Nilimuuliza kwa nini si sifuri. Alikaa kimya, kisha akasema kwamba asubuhi ameoga. Nikamuuliza alifanyaje mpaka akaoga, ikiwa kuamka kwenyewe kulikuwa kunamshinda. Akaeleza kwamba binti yake alikuwa ameacha maji ya moto mlangoni na hakutaka yapoe bure, kwa sababu mkaa ni ghali. Katika jibu hilo moja palikuwa na mtoto anayemjali, heshima kwa jasho la mtoto huyo, na akili ya hesabu ya nyumba iliyokuwa bado inafanya kazi. Sikuyataja hayo yote. Nilimuuliza tu kama binti anajua kwamba maji yake yalimwamsha mama, akasema hajui, na kwamba atamwambia.

Naweka hapa neno kuhusu lugha, kwa kuwa lilikuwa na uzito kuliko nilivyotarajia. Kiswahili nchini Uganda kimebeba mambo mengi. Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, watu wengi wakakizoea kama lugha ya kambi na ya amri, na hata baada ya katiba kukifanya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya 2005 bado wapo wazee wa Kampala wanaokisikia kwa tahadhari. Fundi alikuwa amehojiwa mara nyingi na wahudumu kupitia wakalimani, na mkalimani mwenye haraka hutafsiri dalili na kuruka yaliyobaki. Kwenye karatasi zake zote kazi yake iliandikwa kwa neno moja tu, mshonaji. Tulipozungumza Kiswahili, chake cha Kivu na changu cha Busia, tukiitana mama kwa heshima, neno lile moja lilifunguka likawa miaka kumi na sita ya kazi: alijifunza kwa shangazi, alishona sare za shule, na alikuwa na wanafunzi wawili alipokimbia. Hakuna mhudumu aliyewahi kumuuliza hayo. Yule aliyeandika kwamba hatoi ushirikiano alikuwa amemuuliza kwa Kiingereza.

Katika kikao cha nne nilijaribu zoezi la mti wa uhai, lililobuniwa na Ncazelo Ncube na David Denborough kwa ajili ya kazi na watoto waliopata misiba kusini mwa Afrika. Mteja huchora mti wenye mizizi ya alikotoka, shina la ujuzi wake, matawi ya matumaini na majani ya watu anaowapenda. Fundi alitazama karatasi na kusema hajui kuchora mti, ila anajua kuchora libaya. Nilimpa kalamu. Alichora blauzi ile ya Kikongo vipande vipande, kama inavyolazwa kwenye kitambaa kabla ya kukatwa, kifua, mgongo, mikono miwili na kola, na mstari wake ulikuwa umenyooka bila rula. Mikono haikutetemeka, na sikulisema hilo mpaka yeye mwenyewe alipoligundua. Pembeni mwa kila kipande tuliandika majina: mgongoni shangazi, mikononi watoto. Kipande cha kifua alikiacha wazi, akasema hicho ni cha baba watoto na hajui aandike nini. Tukakiacha hivyo.

Wiki iliyofuata alikuja na kavera jeusi, yaani mfuko wa plastiki. Ndani yake kulikuwa na kitenge chenyewe, kile alichokiharibu, ambacho alikuwa amekificha chini ya godoro tangu Januari. Tulikitandaza mezani. Alinionyesha kwa kidole mahali mkasi ulipoingia na ndege walipogeuka, na alieleza kosa lake kwa utaratibu wa fundi: kitambaa chenye mchoro wa upande mmoja hakikunjwi mara mbili na kukatwa pamoja, kwa sababu kipande cha juu na cha chini vitatazamana kinyume. Nilimuuliza, kama mwanafunzi wake mmoja angefanya kosa hili, angemwambia nini. Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza mbele yangu, akasema angemkemea kwanza. Kisha akaanza kupima kwa shubiri. Kipande kile, alisema, kingetosha gauni la mtoto wa miaka minne kama kifuani pangewekwa kitambaa cha rangi moja, na yadi zilizobaki bado zingetoa sketi ya mwenye mali. Alisimama, akainama juu ya meza, na kwa dakika kama kumi alinisahau kabisa.

Nakiri kwamba kishawishi cha kukifanya kitambaa kile kuwa mfano wa maisha yake kilikuwa kikubwa. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Niliyameza. Mume wake si kitambaa, na kilichopotea Rutshuru hakiwezi kuongezewa kiraka. Kilichokuwa mezani ni ushahidi kwamba ujuzi wake haukufa wiki ile ya Januari, na ushahidi huo ulitosha.

Uwezo usiopata mahali pa kufanyia kazi humrudia mwenyewe kama aibu, na hapa ndipo wengi wanapoulaumu mtazamo huu, kwa haki, kwamba unaweza kumbebesha maskini jukumu la umaskini wake. Mazungumzo hayalipi kodi. Lakini waandishi wa Kansas walikuwa wameuhesabu mtaa kuwa sehemu ya rasilimali, na sisi tulitumia vikao viwili vizima kuorodhesha nani yuko karibu na ana nini. Jirani wa kanisani alikuwa katika likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana fedha na kupokea kwa zamu, ya wanawake kumi na wawili wa Kikongo. Fundi alikuwa mwanachama zamani na alijitoa kwa aibu. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa haki ya kufanya kazi, jambo alilolijua nusunusu na lililompa ujasiri wa kukaa tena kibarazani. Kuhusu deni, alikwenda mwenyewe kwa mwenye kitenge, akiwa na mchoro wa gauni na sketi mkononi, na jirani yake akamkalimania Kiluganda. Yule mama alikubali nguo zile mbili na kushonewa nyingine moja bila malipo, na deni likafutwa. Zamu ya likelemba ilipomfikia mwezi Mei alikodi cherehani upya na kulipa sehemu ya karo, na binti akarudi shule muhula wa pili, akiwa nyuma katika hesabu na mwenye hasira kidogo, jambo ambalo naliona kuwa la haki.

Baadhi ya wenzangu wameniuliza kwa nini sikuanza na tiba ya kusimulia matukio ya vita moja kwa moja, tukijua kwamba tiba ya aina hiyo ilijaribiwa Nakivale kwenyewe na wahudumu waliochaguliwa miongoni mwa wakimbizi, na matokeo yake yalikuwa mazuri. Ningeitumia kama jinamizi na kurudiwa na picha za vita ndivyo vilivyokuwa vikimtesa. Kwake vilikuwepo, lakini si mara nyingi. Kilichomlaza chini ni msiba usio na kaburi, mara mbili, na aibu ya kazi. Kwa msiba wa namna hiyo hakuna mbinu ninayoijua inayoufunga. Tulichofanya ni kuupa nafasi: alichagua kwamba jioni ya kila Jumapili watoto wataambiwa kisa kimoja cha baba yao, cha kawaida, kama alivyokuwa akipiga mluzi akinyoa ndevu, bila kuamua kama yu hai au la. Baada ya kikao cha nane nilimshauri pia ajiunge na kikundi cha mazungumzo cha wanawake, nikijua kwamba tiba ya vikundi ina historia nzuri hapa Uganda tangu utafiti wa Masaka na Rakai uliochapishwa mwaka 2003, ulioendeshwa na wenyeji waliopata mafunzo mafupi. Alikwenda mara mbili akaacha, kwa kuwa Jumatano ni siku ya kukata vitambaa. Sikumshinikiza.

Alama zake zilishuka kutoka 19 hadi 14 katika kikao cha sita na 8 katika kikao cha kumi na mbili, na swali la tisa lilijibiwa hapana tangu kikao cha saba. Sidai kwamba ni kazi yangu peke yangu. Dawa ilikuwepo, jirani alikuwepo, likelemba ilikuwepo, na sina namna ya kuvitenganisha. Usingizi wake bado ni nusu, na kichwa huuma mwezi unapokaribia kuisha na mwenye nyumba anapobisha.

Tulikutana mara ya mwisho Agosti, kwa ufuatiliaji. Alisema bado anaipiga namba ya kaka yake kila Jumapili, baada ya kile kisa cha baba, na kila Jumapili simu haipatikani. Nilimuuliza hufanya nini simu ikishakata. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. Wateja huja kuchukua nguo zao Jumatatu asubuhi, alisema, kwa hiyo huwasha mkaa, akautia ndani ya pasi, na kuanza na zile za watoto kwa kuwa ni ndogo.